Kizibao cha ngozi na hofu ya mkopo

Tulikuwa kwenye foleni ya kulipia mafuta, kituo kimoja kando ya barabara kuu kusini mwa Sweden, Jumamosi asubuhi. Mbele yangu walikuwepo watu sita au saba. Akaingia mwanamume wa makamo, tumbo limemtangulia, mguu mmoja anauburuta kidogo, ndevu nyeupe zimefika kifuani. Ukimvua alichovaa ungesema ni fundi bomba anayesubiri kustaafu. Lakini juu ya shati alivaa kizibao cha ngozi, na mgongoni mwake vimeshonwa viraka vitatu: juu jina la klabu limepindwa kama upinde, katikati mchoro, chini jina la nchi. Hakusema neno. Hakumtazama mtu. Foleni ikafunguka yenyewe, akapita, akalipa, akatoka, na nje pikipiki yake ikanguruma.

"Mpishe, shemeji," mwenyeji wangu alikuwa ameninong'oneza huku akinivuta mkono. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza kama anamfahamu yule bwana.

"Yeye simfahamu," akanijibu. "Naifahamu nguo."

Tangu siku ile nimesoma mengi kuhusu klabu hizi za pikipiki zinazojiita za nje ya sheria, na kila ninachosoma kinanirudisha kwenye jibu la shemeji yangu. Kwa kawaida historia yao husimuliwa kama historia ya uhuru: wanaume, barabara ndefu, upepo usoni. Mimi naiona ni historia ya nguo. Ni historia ya kipande cha kitambaa kilicholimbikiza hofu kidogo kidogo, mpaka leo yeyote anayekivaa anaweza kuichota hofu hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kumzaba mtu kofi. Sisi tuliokulia mgongoni mwa kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Mama akijifunga kanga ya maneno makali akapita mbele ya mlango wa jirani, ujumbe umefika na mdomo haujafunguliwa. Ila kanga unainunua dukani, ukachagua maneno yako. Kizibao kile hakiuzwi, na maneno yake yameandikwa na watu wengine, baadhi yao kwa damu.

Mwanzo haukuwa wa damu. Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani, kilichoanzishwa 1924, kilisimamia mashindano na kusajili klabu. Mbio zilizofanyika bila kibali chake, na klabu zisizojiandikisha kwake, zilihesabiwa kuwa nje ya sheria, maana yake sheria za chama, si za nchi. Chukulia soka la mchangani: mechi ya ndondo haina baraka za shirikisho, lakini nani atawaita wachezaji wake majambazi? Klabu iliyozaliwa 1935 katika mji mdogo wa McCook, jimbo la Illinois, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Outlaws, ilianza hivyohivyo, kundi la watu waliopenda kuendesha pamoja.

Kisha vikaja vita. Jeshi la Marekani lilitengenezewa makumi ya maelfu ya pikipiki za Harley-Davidson, na Vita Kuu ya Pili vilipokwisha nyingi zikauzwa kwa bei ya kutupa. Vijana waliorudi kutoka Ulaya na Pasifiki walizinunua, wakang'oa madigadi na kila chuma walichoona ni mzigo, wakaanza kutafutana. Walikuwa wamezoea kelele, hatari, na wenzao wa kufa na kupona. Nyumbani walikuta kazi ya kiwandani na jirani anayepunguza nyasi. Asiyewaelewa vijana wale hataelewa chochote kilichofuata.

Mwishoni mwa juma la sikukuu ya uhuru, Julai 1947, mji wa Hollister huko California, wenye wakazi wapatao 4,500, ulipokea waendesha pikipiki wanaokadiriwa kufika 4,000. Walilewa, wakashindana barabarani katikati ya mji, wakavunja chupa, wakalala penye nyasi. Watu kama 50 walikamatwa, wengi kwa ulevi na makosa madogo. Hakuna aliyeuawa. Sikukuu ikaisha, mji ukafagiwa.

Lakini jarida la Life, toleo la tarehe 21 Julai 1947, lilichapa picha moja ukurasa mzima. Itazame vizuri kama utaipata. Mwanamume mnene amekaa juu ya Harley, ameegemea nyuma, chupa ya bia mkono mmoja na nyingine mkono wa pili, macho mazito. Chini ya matairi zimezagaa chupa tupu, nyingi mno kwa mtu mmoja kuzimaliza na bado akabaki ameketi. Shahidi mmoja, ambaye yeye mwenyewe anaonekana kwa nyuma kwenye picha hiyo, alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliwaona wapigapicha wakizikusanya chupa hizo na kuzipanga, kisha wakamweka mlevi juu ya pikipiki. Yaani picha iliyoitambulisha dunia nzima kwa mwendesha pikipiki mhuni ilipangwa kama picha ya harusi.

Kwangu mimi hapo ndipo mambo yalipoanzia. Hofu ilitengenezwa kabla ya uhalifu. Miaka sita baadaye, 1953, ikatoka filamu iliyomvisha Marlon Brando koti la ngozi na kuuleta mji mdogo uliovamiwa kwenye kila ukumbi wa sinema; Uingereza iliizuia isionyeshwe hadi 1967. Vijana walioitazama hawakumwonea huruma mwenye duka. Walitaka lile koti. Inasimuliwa pia kwamba baada ya Hollister chama cha waendesha pikipiki kilijitetea kwa kusema asilimia 99 ya wanachama wake ni raia wema. Chama chenyewe kimesema hakina kumbukumbu ya kauli hiyo. Haikusaidia kitu. Klabu zilizojiona zimetukanwa zilikumbatia tusi: zikashona kifuani kiraka cha umbo la uru, kama la karata, ndani yake 1%. Yaani, ndiyo, ile moja iliyobaki ni sisi.

Klabu ya Hells Angels ilikuwa imeshazaliwa wakati huo, Machi 1948, eneo la Fontana karibu na San Bernardino, kwa jina lililowahi kutumiwa na marubani wa kivita wa Marekani. Aliyewapa sura waliyonayo ni Ralph "Sonny" Barger, aliyeanzisha kundi la Oakland 1957. Barger alijiunga na jeshi akiwa na miaka 16 kwa cheti cha kuzaliwa cha kughushi. Ulipobainika umri wake wakamrudisha nyumbani. Alifariki Juni 2022 akiwa na miaka 83. Katikati ya tarehe hizo mbili aliligeuza kundi la wahuni wa mtaani kuwa taasisi yenye matawi katika nchi nyingi, na ukitazama namna alivyofanya, utaona kijana aliyenyimwa jeshi akijijengea la kwake.

Uhuru wenyewe umepangwa hivi. Anayetaka kuingia huanza kwa kuzungukazunguka tu klabuni, ajulikane. Akikubalika anakuwa mwanagenzi, na hapo ni mtumwa hasa: anafagia, analinda pikipiki za wakubwa usiku kucha, anaitwa saa tisa za usiku na anakuja. Hali hiyo inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kisha wanachama wa tawi hupiga kura, na katika klabu nyingi kura moja ya hapana inatosha kumrudisha nyumbani. Akipita ndipo anavishwa viraka kamili. Tawi lina rais, makamu, katibu, mweka hazina, sajenti wa kusimamia nidhamu, na nahodha anayeongoza msafara barabarani. Kikao cha kila juma wanakiita kanisa. Asiyehudhuria anapigwa faini. Nimefanya kazi ofisi zenye kanuni chache kuliko hizo.

Wala si jambo la Wamarekani peke yao kwa asili yake. Pwani yetu ilikuwa na beni: Marini na Arinoti, vyama vya ngoma vilivyokuwa na sare, gwaride, tarumbeta na vyeo vya kijeshi, vilivyoenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Watu walioonja jeshi hutafuta kulirudia wakiwa raia, kwa vyeo vyao wenyewe na utukufu wao wenyewe. Beni lilishindana kwa nyimbo na karamu, likazikana na kusaidiana. Naamini udugu wa klabu za pikipiki nao ulianza kwa kiu hiyohiyo, na kiu hiyo naiheshimu.

Ninachoshindwa kukiheshimu ni wanaoachwa nje ya udugu huo. Mwanamke hawezi kuwa mwanachama. Alichopewa kwa miaka mingi ni kiraka chake cha pekee, kinachosema yeye ni mali ya fulani. Watu weusi nao hawakukaribishwa katika klabu kubwa za 1%. Mjini Oakland kwenyewe, miaka miwili tu baada ya Barger kuanza, Tobie Gene Levingston alianzisha East Bay Dragons, klabu ya watu weusi, 1959. Mongols walianzishwa 1969 huko Montebello na vijana wenye asili ya Mexico ambao Hells Angels hawakuwataka. Desemba mwaka huohuo, kwenye tamasha la muziki la Altamont, California, ambako Hells Angels walipewa bia ya dola 500 wakae karibu na jukwaa, Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu mbele ya kamera, akiwa na bastola mkononi. Aliyeshtakiwa aliachiwa kwa hoja ya kujilinda.

Sasa turudi kwenye nguo. Kizibao si mali ya aliyekivaa. Ni cha klabu. Akitoka au akifukuzwa anakirudisha, na aliyechorwa nembo mwilini anaweza kulazimishwa kuifuta au kuichora juu yake. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa, na kukipoteza ni aibu kubwa. Kiraka cha chini, kile cha jina la mahali, ndicho chenye ugomvi zaidi, kwa sababu kinadai ardhi. Mwaka 1977 Mongols na Hells Angels walianza kuuana kwa sababu ya neno moja lililoshonwa chini ya mgongo: California. Hells Angels walisema neno hilo ni lao peke yao. Jimbo la mamilioni ya watu, ambao hakuna aliyewauliza.

Kwa nini neno liwe na thamani ya roho ya mtu? Kuna sehemu ya majivuno, bila shaka. Lakini kuna hesabu pia. Biashara haramu haina mahakama ya madai. Aliyekukopesha shehena ya kokeini hawezi kwenda kwa hakimu usipomlipa, na muuzaji wa mtaani hana polisi wa kumwita akiibiwa. Katika soko la namna hiyo sifa ya ukatili ndiyo mkataba, ndiyo hati ya dhamana. Klabu yenye jina la kutisha haihitaji kumpiga kila mdaiwa. Inatosha mdaiwa afungue mlango akute kizibao. Wanachama wengi huenda hawauzi chochote, wana karakana zao na wajukuu wao, na Desemba wanapeleka vinyago hospitali za watoto. Nakubali. Lakini hata yule mpole anakula riba ya hofu iliyowekezwa na mwenzake mkatili, na mkatili naye anajificha nyuma ya wema wa mpole. Babu wa kituo cha mafuta alipishwa foleni kwa mkopo.

Wenyewe wanajua wana mali. Hells Angels wana shirika lililosajili jina na nembo yao ya fuvu lenye mabawa, na 2010 waliishtaki nyumba ya mitindo ya Alexander McQueen kwa kutumia nembo hiyo kwenye pete na mkoba. Watu wanaojitangaza kuwa nje ya sheria wakaenda mahakamani kuiomba sheria iwalinde, na kesi ikaisha kwa makubaliano.

Mkopo ule ulilipwa Skandinavia, na waliolipa si wakopaji peke yao. Kuanzia 1994 Hells Angels na Bandidos, klabu iliyoanzishwa Texas 1966, walipigana Denmark, Sweden, Norway na Finland. Miongoni mwa silaha zao zilikuwemo zana za kupigia vifaru zilizoibwa kwenye maghala ya jeshi la Sweden. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, mtaa wa Titangade, Copenhagen, Hells Angels walikuwa na sherehe na wakazi wa jirani walialikwa. Roketi ilirushwa ikapenya ukuta wa jengo. Walikufa wawili: mwanagenzi mmoja wa klabu, na mwanamke aliyekuja kwenye sherehe. Mwezi huohuo bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kuwazuia watu wa klabu kukusanyika kwenye nyumba zilizo katikati ya makazi. Septemba 1997 viongozi wa pande mbili walipeana mikono mbele ya kamera za televisheni, kama wakuu wa nchi. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshakufa. Mkono ule mimi naona ulikuwa ushindi wa nguo: dola lilitazama wahusika wa mauaji wakitangaza amani wenyewe kwa jina la viraka vyao, na viraka vikatoka pale vizito zaidi.

Jimbo la Quebec, Kanada, hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Vita vya Hells Angels na klabu pinzani ya Rock Machine juu ya soko la dawa za kulevya, kuanzia 1994 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, viliua watu zaidi ya 160. Maurice Boucher wa Hells Angels, aliyeitwa "Mom", ndiye aliyekuwa uso wa vita hivyo. Mwaka 1997 waliuawa askari magereza wawili, na Boucher akashtakiwa kwa kuagiza mauaji hayo. Novemba 1998 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Usiku uleule aliingia ukumbini Montreal kutazama ndondi, na umati ukamshangilia.

Nimejaribu kukaa kwenye kiti kimoja cha ukumbi ule. Askari magereza wawili wako makaburini, mmoja wao mama wa watoto, na watu waliolipa tiketi ya ndondi wanampigia makofi mtuhumiwa. Si wahalifu hao. Ni makarani, mafundi, walimu, watu wa foleni ya mafuta. Ndio waliokuwa wakinunua ile picha ya Life ya 1947. Bila wao kizibao ni ngozi tu.

Boucher alikamatwa tena, kesi ikasikilizwa upya baada ya rufaa, na 2002 alihukumiwa kifungo cha maisha. Shahidi mkuu alikuwa mmoja wa wauaji wenyewe, aliyekubali kusema. Mwaka mmoja kabla, Machi 2001, polisi walikuwa wamewakamata zaidi ya watu 100 kwa siku moja baada ya uchunguzi wa muda mrefu wa fedha, simu na mauaji. Na mwandishi Michel Auger, aliyepigwa risasi mgongoni Septemba 2000 kwenye maegesho ya gazeti lake, alipona akarudi kuandika. Hao ndio walioivunja hofu Quebec: mpelelezi mwenye daftari la hesabu, shahidi mwenye majina, mwandishi aliyekataa kunyamaza. Nguo haikuguswa.

Kwingineko serikali zimechagua kuishambulia nguo. Mwaka 2008, baada ya maofisa wa siri kujipenyeza ndani ya Mongols, mwendesha mashtaka wa Los Angeles alitangaza kwamba anataka nembo yenyewe itaifishwe, ili polisi akimkuta mwanachama barabarani amvue koti hapohapo. Kesi ilizunguka zaidi ya miaka kumi. Januari 2019 baraza likakubali nembo ichukuliwe. Mwezi uliofuata jaji David Carter akakataa, akisema hilo linavunja uhuru wa kujieleza na ni adhabu iliyopita kiasi. Queensland, Australia, baada ya ugomvi wa hadharani huko Broadbeach 2013, ilitunga sheria za kuongeza miaka 15, na kwa viongozi miaka 25, juu ya kifungo cha kawaida. Miongoni mwa waliokamatwa mwanzoni alikuwamo mfanyakazi wa maktaba aliyekwenda baa akiwa amevaa alama za klabu. Sheria hizo zilibadilishwa 2016. Uholanzi, mahakama iliipiga marufuku Bandidos 2017 na Hells Angels 2019.

Naielewa hasira hiyo. Nimesimama kwenye foleni ile nikaona aibu ya kupisha. Lakini dola linapomvua mtu kizibao barabarani linakiri mbele ya watu wote kwamba nguvu imo kwenye kitambaa, na ndicho hasa klabu imekuwa ikikisema tangu 1947. Atakayekosa kiraka atachora mwilini. Akikosa jina moja atashona jingine. Alichofanya kwa mikono yake, nani alikufa, nani alilipwa, nani aliagiza, hayo hayavuliki.

Tarehe 9 Agosti 1995, mtaa wa Hochelaga-Maisonneuve, Montreal, katika vita vilevile vya Quebec, gari lililotegwa bomu lililipuka mchana. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mvulana wa miaka 11 aliyekuwa akicheza. Kipande cha chuma kilimwingia kichwani, akafa siku nne baadaye. Mama yake alizunguka na saini na picha ya mwanawe mpaka bunge la Kanada likapitisha, 1997, sheria mpya dhidi ya magenge ya uhalifu. Magenge yakashtakiwa, viongozi wakafungwa, miaka ikapita. Kwa bomu lile lililomuua mtoto wake hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa.